Nani Aulizwe Dumila?

Kuna hoja mbili zinazoshindana siku hizi katika mabaraza ya wasomi na katika ofisi za afya, na kwa maoni yangu zote mbili ni mbovu. Ya kwanza yasema ya kuwa mahitaji ya watu katika kujikinga na virusi vya UKIMWI yamekwisha julikana. Sayansi imekwisha sema, hesabu zimekwisha pangwa, na kazi iliyobaki ni kupeleka dawa, kondomu na mafunzo mahali panapotakiwa. Kumwuliza mwananchi ni kupoteza wakati na fedha. Ya pili yasema kinyume chake: mwananchi ndiye mtaalamu wa maisha yake, basi msomi na anyamaze, kazi yake iwe kuandika aliyoambiwa. Ya kwanza ina kiburi cha elimu. Ya pili ina kiburi kingine, kilichojivika kanzu ya unyenyekevu. Nakusudia kuzipinga zote mbili, nami nitachukua mfano wa mahali padogo panapojulikana na kila asafiriye kwenda Dodoma, yaani Dumila, katika Wilaya ya Kilosa.

Dumila si mji mkubwa. Ni njia panda, kiasi cha kilomita 70 kutoka Morogoro. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo kwenda Dodoma, na kutoka Dodoma huendelea hata Mwanza na hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Hapo hapo huchepuka njia ya Rudewa na Kilosa, na jirani tu, Magole, huchepuka njia ya Turiani. Nyanya, vitunguu na mahindi ya mabonde yale hushushwa na kupakiwa kando ya lami. Mkulima wa Kikaguru ateremkaye kutoka milimani, mfugaji mwenye ng'ombe wa kuuza, kuli, mama lishe, mwendesha bodaboda, mhudumu wa baa, dereva wa lori na utingo wake, mwanafunzi aliyepanga chumba kwa sababu shule iko mbali na kwao: hawa wote huonana hapo, na baadhi yao huonana usiku mmoja tu, wasionane tena. Basi mtu akiniambia ya kuwa amekwenda "kushauriana na jamii ya Dumila", mimi humwuliza, Jamii ipi? Aiulizaye njia panda asubuhi amewauliza watu wengine, na aiulizaye usiku wengine kabisa. Mwezi wa Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la barabara kuu hapo, safari zikakatika. Katika siku kama zile mji huwa na wakaazi wasiomo katika daftari lo lote, wenye fedha kidogo mfukoni, bila ya pa kulala na bila ya la kufanya. Mahitaji yao ya kinga huandikwa na nani, na katika mpango wa mwaka gani?

Wasemao kwamba mwananchi hana la kumfundisha mtaalamu wamesahau historia ya ugonjwa wenyewe katika nchi hii. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983, na ilipofika 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha toa taarifa za wagonjwa. Kabla neno UKIMWI halijaenea, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyoletwa na wafanya biashara kutoka Uganda. Wako waliolicheka jina hili. Lakini tazama lilivyobeba maarifa! Walioligundua walikuwa wamekwisha ona ya kuwa maradhi yanafuata njia ya biashara, yanasafiri pamoja na bidhaa na fedha, na yanawapata kwanza wapitao na wanaowapokea. Hiyo ilikuwa elimu ya maambukizo bila ya darubini. Maneno ya mzaha yaliyofuata mijini nayo yalikuwa ushahidi. Vijana walipozitwaa herufi za Kiingereza A-I-D-S wakazisoma "Acha Iniue Dogodogo Siachi", mtaalamu aliyesikia ukaidi tu alisikia nusu. Nusu ya pili ilikuwa kukata tamaa, maana mtu asiyeiona faida ya miaka ishirini ijayo hatishwi na ugonjwa uuao baada ya miaka kumi.

Mjini Bukoba, uchunguzi wa mwaka 1987 uliwakuta watu wazima 24 katika kila 100 wana virusi. Mwaka 1996 walikuwa 13. Dawa za kupunguza makali zilikuwa bado mbali. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Sehemu ya upungufu ule, tusijidanganye, ni makaburi. Lakini maambukizo mapya nayo yalipungua, na hayakupunguzwa na kidonge. Yalipunguzwa na watu waliozika, wakarudi nyumbani, wakasemezana. Mtu gani mwenye akili atakwenda kwa watu hao na karatasi ya maswali yenye majibu "ndiyo" na "hapana", kisha aondoke na kusema amepima "kiwango cha uelewa"?

Haya yote ni kweli, na bado siwezi kujiunga na wale wa hoja ya pili. Katika miaka ya 1991 hata 1994 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika Mkoa wa Mwanza. Vituo vya afya na zahanati za vijijini vilipewa uwezo wa kutibu vizuri magonjwa mengine ya zinaa, nayo maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yakapungua kwa kiasi cha asilimia 40 yakilinganishwa na vijiji visivyopewa huduma ile. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini huko Rakai, Uganda, ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile, wataalamu wengine waliwatibu watu wote wa vijiji kwa pamoja kila baada ya miezi 10 hivi, na maambukizo ya virusi hayakupungua. Kwa nini? Wataalamu walibishana kwa miaka. Mwanza walitibiwa waliokuwa na dalili, kila siku, kituo kikiwa wazi. Rakai tiba ilikuja kwa zamu. Zaidi ya hayo, Rakai ugonjwa ulikuwa umekwisha kaa na kukomaa, Mwanza ulikuwa ungali ukipanda, na dawa ifaayo mwanzo wa moto siyo ifaayo moto ukishaenea. Hapana mkutano wa kijiji ambao ungeweza kuligundua jambo hili kwa kunyoosha mikono. Mwananchi wa Rakai aweza kuyajua maisha yake yote na asijue hili. Si aibu yake. Mtaalamu anayelijua naye akalificha kwa sababu "hakutaka kuwaamulia wananchi", huyo ametenda kosa la mganga aliyenyamaza mgonjwa akinywa sumu.

Kwa hiyo mtaalamu aseme. Lakini asidhani ya kuwa akisha sema, kazi imekwisha. Huko huko Mwanza, kuanzia mwaka 1999, mpango wa MEMA kwa Vijana uliwafundisha wanafunzi wa shule za msingi na kuwaandaa wahudumu wa afya kuwapokea vijana. Maarifa ya vijana yalipanda sana, na walipopimwa miaka mingi baadaye bado walikumbuka waliyofundishwa. Maambukizo ya virusi hayakupungua. Nawaomba wanafunzi wenzangu wayafikiri matokeo hayo kwa utulivu, maana sisi tuliolelewa na vitabu tunaamini ya kuwa kila kosa ni kosa la kutojua. Msichana wa sekondari aliyepanga chumba njia panda hakukosa somo. Aweza kukutajia njia za maambukizo kwa ufasaha kuliko wewe. Alichokosa ni chakula cha jioni ya Alhamisi, kwa kuwa unga wa kwao uliisha Jumatano na mzazi atakuja Jumamosi. Hitaji lake la kinga ni unga, au bweni, au mlango wenye komeo. Hapana mtaalamu wa virusi awezaye kulisoma hilo katika damu. Hulisikia kutoka kwake, kama ataulizwa na mtu asiyemwogopa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa na tuitazame mahali tunapodai ya kuwa tunamwuliza. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji, wa wakaazi wote waliotimiza miaka 18. Kuanzia mwaka 2003 halmashauri zimeelekezwa kuwa na kamati za UKIMWI, kutoka wilayani mpaka kata na kijiji. Ni vyombo vizuri, na nchi nyingi hazina hata nusu yake. Lakini tazama ni nani asiyemo. Dereva hayumo, yeye si mkaazi, hulala ndani ya lori lake. Mhudumu wa baa aliyekuja miezi miwili iliyopita kutoka mkoa mwingine hayumo. Hana mjumbe anayemjua, na akifika mkutanoni wenye nyumba watageuza shingo. Mwanafunzi wa miaka 16 hayumo kwa sheria yenyewe. Mwezi wa Novemba 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima virusi bila ya idhini ya mzazi, kutoka miaka 18 mpaka 15. Basi msichana huyu anaruhusiwa kuupokea uchungu wa jibu peke yake, wala hana kiti mahali linapoamuliwa la kumkinga. Watu watatu wanaohusika kuliko wote hawamo, na waliomo ni wale wenye nyumba za wageni, wenye baa, wenye malori ya mahindi na wazee wa heshima. Hao ndio tunaowaandika "jamii imesema".

Wengi wetu tumesoma shuleni tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds. Msichana Furaha amekufa kwa UKIMWI, ameacha waraka, na wakubwa wa kijiji hawalali usiku wakidhani ya kuwa orodha iliyomo ni ya majina yao. Mwalimu hutufundisha dhamira na wahusika, tunajibu mtihani, tunasahau. Mimi naiona tamthilia ile kuwa maelezo kamili ya mkutano wa kushauriana. Wanaokaa mbele, wanaofungua kwa sala na kufunga kwa shukrani, huenda ndio wenye sababu kubwa ya kutaka waraka usisomwe. Mtaalamu hufika saa nne, huwauliza hao, hugawa posho, huchukua sahihi, na saa tisa gari lake limekwisha ipita Magole. Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hapa afichaye ni mmoja na aliaye ni mwingine.

Na lugha yetu, lugha hii tunayoitetea katika kurasa kama hizi, imetumiwa vibaya katika kazi hiyo. Mtu aliyeletewa huduma huitwa "mlengwa". Kulenga ni kazi ya mwenye bunduki au mwenye manati, ndege hashauriwi. Watu walio katika hatari ya kuambukizwa huitwa "makundi hatarishi". Lakini kiambishi kile chajulikana: kitu hatarishi ni kitu kinachohatarisha. Kwa herufi tatu tu mwanamke aliye hatarini amegeuzwa kuwa hatari yenyewe, na mwenye kumwendea usiku amekuwa raia mwema anayehitaji kulindwa naye. Je, hili ni kosa la sarufi au ni siri ya moyo iliyoponyoka? Kisha kuna "wadau", neno lenye mlio wa dau la mchezoni, ambalo humweka mfadhili, mkuu wa idara na mama lishe katika mstari mmoja kana kwamba wote wameweka dau sawa. Mama lishe ameweka mwili wake. Mfadhili ameweka fedha za mwaka mmoja wa bajeti. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada ya tasnifu waache kidogo kuhesabu ngeli, waende wakazisome taarifa za semina.

Watu wenye ugonjwa wenyewe walikwisha kulikataa jambo hili zamani. Mwaka 1983, mwaka ule ule wa wagonjwa wa kwanza wa Kagera, wagonjwa waliokutana Denver, Marekani, walitangaza ya kuwa hawataki kuitwa wahanga, na kwamba wana haki ya kukaa katika kila baraza linaloamua juu yao. Uganda, TASO ya Noerine Kaleeba ilianzishwa mwaka 1987. Kwetu, WAMATA ya Theresa Kaijage mwaka 1989. Zote mbili zilizaliwa na watu waliouguza au kuzika. Serikali 42 zilitia sahihi Paris, tarehe 1 Desemba 1994, kwamba wenye virusi washirikishwe zaidi. Marekani ilikwenda hatua moja mbele: sheria ya mwaka 1990 iliyopewa jina la kijana Ryan White iliiamuru miji iliyoathirika sana iwe na mabaraza ya kupima mahitaji na kupanga kipi kitangulie, na baadaye theluthi ya viti ikawekwa kwa watumiao huduma wasiofungamana na mashirika yanayopokea fedha hizo. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo yenye akili. Hapa kwetu mwakilishi wa "wanaoishi na virusi" mara nyingi hulipwa posho na shirika lile lile linalopimwa. Akilisifu hatujui kama amesifu huduma au mshahara. Hata hivyo kiti si sauti. Mtu aweza kukaa katika baraza miaka mitano asikatae jambo hata moja, na jina lake likapamba taarifa tano.

Wapinzani wangu husema, Watu watasema uongo. Naam, watasema, na mimi katika nafasi yao ningesema. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yalinda siri ya mpimwaji, lakini sheria hiyo hiyo yamwadhibu aambukizaye kwa kusudi, na mwananchi wa kawaida hajui mpaka wa kusudi uko wapi. Mwezi wa Februari 2017 Serikali ilisimamisha huduma za UKIMWI katika vituo 40 vilivyokuwa vikiwapokea watu wa makundi yanayochukiwa. Sitaki kuingia katika ugomvi wa maadili. Kila mmoja ana dini yake. Nasema tu ya kuwa huwezi kufunga mlango mwezi wa pili, na mwezi wa sita ukamwita yule yule aliyefukuzwa anyooshe mkono mbele ya mtendaji wa kata.

Dawa ya uongo huu si kuacha kuuliza. Ni kubadili swali. Kuna njia iliyobuniwa na Sharon Weir na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, iliyojaribiwa Afrika Kusini mnamo mwisho wa miaka ya 1990, ambayo haimwulizi mtu amelala na nani. Huwauliza wajuao mji, kama madereva wa teksi, wauza vinywaji, vijana wa kijiweni, polisi na wauguzi, ni wapi watu huenda kutafuta wapenzi wapya. Kisha wachunguzi huenda mahali hapo, saa hiyo hiyo, wakaangalia: je, kondomu zipo? Mwanga upo? Nani huja na nani hukaa? Mtu huona haya kulitaja jina lake, lakini hana haya kulitaja jina la baa. AMREF nayo, ilipofanya kazi na madereva na wanawake wa vituo vya malori katika barabara kuu za nchi hii kati ya 1990 na 1993, iliwatumia wao wenyewe kuwa walimu wa wenzao. Mambo haya yamo vitabuni zaidi ya miaka ishirini sasa, na bado tunaandaa semina ukumbini.

Nitaambiwa, Fedha iko wapi? Swali hili lina uzito kuliko zamani. Mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2003, ambao umebeba sehemu kubwa ya mzigo wetu, ulitikiswa mwezi wa Januari 2025 kwa amri iliyosimamisha misaada ya nje, na watu wengi walipoteza kazi na huduma zao. Wako wanaosema ya kuwa wakati wa njaa si wakati wa kuulizana. Mimi naona kinyume. Palipokuwa na wingi tuliweza kukosea na kufidia. Penye uchache kila shilingi iliyotupwa imenyang'anywa mtu. Na hesabu za taifa hazituambii tuitupe wapi. Uchunguzi wa 2003–2004 uliwakuta watu 7 katika kila 100 wenye miaka 15 hata 49 wana virusi. Ule wa 2022–2023 uliwakuta 4.4 katika kila 100 wenye miaka 15 na zaidi. Ni habari njema. Lakini ndani ya hesabu hiyo ya pili Njombe ina 12.7 na Kigoma 1.7, na kama mikoa hutofautiana hivyo, je, njia panda na kijiji kilicho kilomita 30 nyuma ya mlima? Wastani ni nguo isiyomfaa mtu ye yote. Tena mambo hubadilika upesi kuliko tafiti: marufuku ya mabasi kusafiri usiku iliondolewa mwaka 2023, na treni mpya ya Dodoma ipitayo Kilosa ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Nani hulala Dumila leo, ambaye hakulala miaka mitatu iliyopita, na nani ameacha kulala hapo? Wauza chai wanajua.

Kupimwa na kuchukua dawa, kwa kawaida ya nchi yetu, ni shughuli ya mchana, siku za kazi. Lori hufika usiku. Mganga Mkuu wa Wilaya aweza kuanza na jambo hili moja bila ya kungoja mfadhili. Atume wauguzi wawili wasiovaa sare, saa tatu ya usiku, siku ya kawaida na siku ya msongamano, wakawaulize mama lishe, utingo na mhudumu wa gesti swali moja tu: ni saa ngapi na ni mlango upi ungewafaa? Mtaalamu naye awaambie kwa lugha nyepesi kile anachokijua na gharama yake: kwamba fedha zilizopo zatosha jioni mbili kwa juma, au kondomu katika kila gesti, au mafunzo ya siku tatu ukumbini, wala hazitoshi yote. Wachague. Uchaguzi wao ubandikwe katika ubao wa ofisi ya kata, pamoja na jina la aliyeukubali au kuukataa na sababu yake, na waliojibu wapewe majuma mawili ya kuupinga kabla bajeti haijapelekwa Kilosa.